Nilivyogeuzwa Ungo Ukweni

Nimedhalilika. Leo hii, mchana kweupe, ukweni, nikiwa na singlendi. Nawaandikia nikiwa nimekaa nyuma ya jiko la watu hapa Liuli, mahali pekee ambapo mtandao unashika, na hasira bado haijashuka. Someni mpaka mwisho ndipo mseme kama mimi nina kosa.

(Najua mtasema ninalo. Nawafahamu ninyi.)

Wote kwenye kundi hili mnanijua. Mimi ni Ditram, kinyozi wa Mbinga mjini, na vichwa vyenu karibu vyote vimepita mikononi mwangu. Kwa hiyo mnajua pia msimamo wangu kuhusu ngozi. Nimewahubiria mpaka mmechoka. Baridi ikikaza, usioge maji ya kunyonyolea kuku. Ukitoka kuoga, jipake mafuta mwili ukiwa bado na unyevu, usisubiri upauke ndipo uanze kujikuna. Taulo lako ni lako, wembe wako ni wako. Ukienda kuchuma kahawa juani, vaa kofia na mikono mirefu. Mkorogo usiuguse hata ukipewa bure. Haya yote nawaambia kwa mapenzi, na shukrani yenu ni kuniita Bibi Harusi.

Sawa. Basi huyo Bibi Harusi leo alikuwa na safari ya kwenda kuomba mke.

Merina mnamjua, yule wa duka la vitenge karibu na stendi. Kwao ni huku ziwani, Liuli. Baba yake, Mzee Hezroni, ni mvuvi wa tangu ujana, na habari zangu zilimfikia kabla mimi sijafika. Sijui nani alizipeleka (ni mmoja wenu, na nitamjua). Aliambiwa kwamba binti yake anachumbiwa na mwanaume wa milimani anayejipaka mafuta asubuhi na jioni na kutembea na kopo lake. Mzee akamjibu Merina kwamba yeye amezeekea majini na hajawahi kupaka kitu chochote, na nyavu zake hazijawahi kulalamika. Akasema nije aniangalie kwa macho yake. Akiona sifai atasema palepale, na akishasema harudii.

Merina aliponieleza hayo hakucheka. Alinishika mkono akaniambia, "Ditram, baba akisema hapana, mimi siwezi kumvuka. Tafadhali, siku hiyo uwe mtu wa kawaida."

Mtu wa kawaida. Mimi!

Niliumia lakini nikakubali, kwa sababu nampenda yule binti kuliko ninavyoweza kuandika humu mbele yenu. Nikajiapiza kwamba leo sitazungumzia ngozi ya mtu. Sitamtazama mtu midomo iliyopasuka nikampa ushauri. Nitaamkia, nitakaa, nitaulizwa, nitajibu.

Asubuhi huko Mbinga mnajua ilivyokuwa. Ukungu mpaka mlangoni, maji ya bomba yanauma meno. Nilioga, nikajipaka, nikavaa fulana ya safari, nikafungasha begi. Ndani ya begi niliweka shati langu jeupe la shughuli, limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Juu ya shati nikaweka kopo la mafuta yangu, yale ninayochanganya mwenyewe, ya mgando na nta ya nyuki na parachichi. Kwa baridi ile yalikuwa magumu mpaka nayachimba kwa kijiko. Kifuniko nilikiegesha tu bila kukikaza. Mafuta magumu namna ile yataenda wapi?

(Huo ndio ulikuwa ujinga wangu wa kwanza leo. Endeleeni kusoma, upo mwingine.)

Mshenga wangu alikuwa baba mdogo, Gaudensi, mzee wa kahawa ambaye katika maisha yake ameshuka ziwani mara chache sana na kila mara akilalamika. Alikuja na koti zito, sweta na soksi mbili. Tulipoanza kuteremka alivua koti. Tulipofika Mbamba Bay alivua sweta. Kutoka hapo lami ikatuaga, tukaanza kula vumbi, na baba mdogo akavua soksi moja, akasema nyingine ataibakiza kwa heshima. Mimi nilikuwa nimejipaka vizuri asubuhi, kwa hiyo vumbi lote lililoingia dirishani lilinipenda mimi. Nilifika Liuli nina rangi ya tofali.

Tukapokewa. Tukaamkia, shikamoo kwa wote wanaostahili, marahaba zikarudi. Mzee Hezroni alinishika mkono akaukalisha ndani ya mkono wake kwa muda, anausikilizia. Mkono wake ni mgumu, una nyufa ambazo nilitamani kuzisemea. Nilijikaza. Akaugeuza wa kwangu, akaangalia kiganja, akaurudisha kwa mwenyewe. Mama yake Merina akanitazama lile vumbi, akatabasamu, akaniambia, "Mwanangu, maji ya kuoga yako tayari. Tunajua huko kwenu milimani baridi ni kali, watu hawaogi ovyo."

Watu wakacheka. Baba mdogo naye akacheka, yule msaliti. Kumbe huku ndivyo wanavyotusema, kwamba sisi wa milimani tunajipaka mafuta juu ya mafuta na maji tunayaona kanisani. Mimi! Ninayeoga mara mbili kwa siku na maji ya Mbinga! Niliona moyoni kwamba sasa hii si safari yangu tena, nimebeba jina la wilaya nzima.

Nikaenda kuoga. Bafu lao liko nyuma ya nyumba, uzio wa matete, safi kabisa, siwezi kusema uongo. Nilijisugua mpaka vumbi likaisha. Kisha nikafungua begi.

Ndugu zangu, mafuta yalikuwa yameyeyuka. Ziwani ni joto. Mafuta ambayo Mbinga nayachimba kwa kijiko, Liuli yanatiririka. Kopo lilikuwa limelala ubavu, tupu, na kila kilichokuwamo kilikuwa ndani ya shati langu jeupe. Nililinyanyua likaanza kudondosha. Lilikuwa limegeuka rangi ya maandazi.

Fulana ya safari ilikuwa vumbi tupu, nikabaki na suruali, viatu na singlendi. Hapo tayari mwili ulianza kukauka, maana huku jua halibembelezi. Magoti yalipauka kwanza, ndani ya suruali, nayasikia. Kisha viwiko. Kisha mikono ikaanza kuonekana kama nimetoka kupakua mifuko ya unga. Na mama mkwe ndio kwanza amenitania kwamba sisi hatuogi! Ningetoka vile, nani angeamini kama maji yamenigusa?

Nikatoka bafuni nimelipachika shati kwenye uzio, nikaangaza macho. Na pale, kwenye ukuta wa jiko, nikaona nyungo zimeegeshwa zimepangwa vizuri, na chini yake, kwenye kigoda, bakuli la mafuta. Limejaa. Limefunikwa kwa kawa. Liko hatua chache kutoka bafuni.

Nawaulizeni kwa haki kabisa. Ninyi mngefikiri nini? Bafu hapa, bakuli la mafuta pale, mgeni ndio kwanza ameoga. Mimi niliguswa. Nikasema kumbe hawa watu wa ziwani wamestaarabika kuliko tulivyodhani, wanamwekea mgeni mafuta akitoka kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu, kama ninavyofundisha. Nikasema moyoni kwamba Mzee Hezroni anajifanya tu mgumu, nyumbani kwake desturi ipo.

Nikajipaka. Mikono, mabega, shingo, kifua kwa chini ya singlendi, uso, masikio, kipara. Yalikuwa mepesi, hayanywi haraka, kwa hiyo nikarudia. Yalikuwa na harufu kidogo ya samaki. Nikasema sawa, kila sehemu na manukato yake.

(Mmeshaanza kucheka. Nawaona.)

Nililimaliza bakuli. Nililifuta kwa vidole, nikamalizia kwenye viwiko. Nilikuwa nang'aa mpaka najiona kwenye beseni, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikajisikia mimi. Ndipo nikasikia kelele.

Ilikuwa sauti ya mwanamke kutoka nyumba ya jirani akiita kwa Kinyasa, kisha mwingine, kisha wengine wengi. Nikageuka kuelekea ziwani, maana toka pale unaliona lote. Katikati ya maji palikuwa na moshi. Moshi mzito, wa kahawia, umesimama juu ya ziwa kama nguzo, unaelekea pwani. Na wanawake wanatoka majumbani wanakimbilia majini, kila mmoja na ungo au sufuria mkononi. Mama mkwe akapita mbio, akanyakua nyungo mbili pale ukutani bila hata kuniangalia.

Nikaelewa. Boti ya watu inaungua! Injini imeshika moto, na hawa akina mama wanakwenda kurusha maji kwa vyombo vya jikoni. Na wanaume wa ukoo huu wako wapi? Wamekaa mbele ya nyumba na baba yangu mdogo, wanakunywa chai!

Nawaambia ukweli, nilimwona Merina mbele ya macho yangu. Nilimwona na baba yake akisema hapana. Nikasema hii ndiyo nafasi, leo Mzee Hezroni atajua kama mikono ya kinyozi inafanya kazi au haifanyi. Nikanyakua ndoo ya bafuni. Nikakimbia. Nilipopita mbele ya wazee nikapaza sauti, "Mzee, wewe kaa hapohapo, nakwenda mimi!"

Baba mdogo ananiambia kwamba Mzee Hezroni aliweka kikombe chini akamwuliza kwa upole, "Anakwenda wapi?" Na baba mdogo, mshenga wangu, mtu niliyemtegemea anisemee, akajibu hajui.

Nilifika mchangani wa kwanza. Niliingia mpaka maji ya magoti, ndoo mkononi, nikisubiri hiyo boti isogee. Boti haikuonekana. Moshi ndio ulikuwa unasogea, tena kwa kasi. Na nikaanza kuona kwamba moshi ule hauna harufu. Moshi ule unavuma, vuuuu, sauti ndogondogo nyingi. Nikageuka kuwauliza akina mama boti iko wapi, nikawakuta wamejifunga khanga vichwani mpaka puani, yamebaki macho. Nikataka kuuliza kwa nini. Nilifungua mdomo.

Sikupaswa kufungua mdomo.

Huku wanaviita nkungu. Ni vijidudu vya ziwani, vidogo kuliko mbu, haviumi. Vinazaliwa majini kisha vinapanda vyote kwa pamoja, kwa wingi ambao mtu wa milimani hawezi kuufikiria, na upepo ukivileta pwani watu wanavinasa, wanavikanda, wanavikausha, wanakula. Kila mtoto wa Liuli anajua. Merina anajua. Merina niliyemfahamu muda wote huu hajawahi kunitajia, eti alidhani watu wote duniani wanajua!

Viliingia mdomoni, puani, masikioni. Nikafumba macho nikapepesuka. Ndoo ikaenda zake. Niliposikia mvumo umepungua nikafumbua jicho moja, nikatazama mkono wangu, na mkono ulikuwa umeota manyoya. Meusi, mazito, yanatembea. Mkono wa pili hivyohivyo. Nikajishika kichwa, kipara hakipo, nina nywele ambazo sijawahi kuwa nazo tangu shule ya msingi. Hakuna hata kijidudu kimoja kilichonigusa kikaondoka. Mafuta yalivishika vyote.

Pembeni yangu akina mama walikuwa wanapunga nyungo zao hewani kwa nguvu, huku na huko, lakini wale wa nyumba yetu walikuwa hawapati kitu. Nkungu wanagonga ungo wanaondoka. Nikamsikia bibi yake Merina, kikongwe mwembamba mwenye sauti ya mwalimu mkuu, akigombeza. Anauliza nani hajapaka nyungo mafuta. Mama mkwe anasema amelikuta bakuli tupu. Bibi anasema haiwezekani, aliliacha limejaa yeye mwenyewe, mafuta aliyokaangia samaki aina ya mbasa, ameyatunza wiki nzima akiwasubiri nkungu. Kwamba ungo usipopakwa hawanati, hilo kila mtu analijua.

Sikuwa nimegeuka, lakini nilihisi macho.

Bibi akaja mpaka nilipo. Akazunguka nyuma yangu, akarudi mbele. Akasogeza pua kwenye bega langu akanusa.

"Ndiyo haya," akasema.

Nikamwambia, kwa heshima zote, shikamoo bibi, naomba radhi, nilidhani yamewekwa kwa ajili ya wageni. Nilisubiri matusi, nilisubiri laana, nilisubiri aite wanaume. Nikainua mkono nianze kujifuta nikimbie, nirudi Mbinga hata kwa miguu. Bibi akanidaka kiganja.

"Usijifute," akasema. "Utawamwaga. Nyoosha mikono."

Jamani, nilinyoosha.

Alitoa kipande cha kibuyu, akaanza kunikwangua kutoka begani kushuka mpaka kwenye vidole, taratibu, kwa ufundi, anadondoshea kwenye sufuria. Mkono mmoja tu, sufuria ilijaa chini. Akaangalia sufuria. Akaangalia nyungo za wenzake. Akasema kitu kwa Kinyasa na wanawake wote waliokuwa ufukweni wakaacha walichokuwa wanafanya wakaja. Nilipomwuliza Merina baadaye bibi alisema nini, alikataa kutafsiri.

Wakanigawana. Sitaki kurembesha. Huyu mkono wa kulia, yule wa kushoto, mama mkwe alipewa mgongo kwa sababu ya staha. Kipara alikichukua bibi mwenyewe, akasema hapo ndipo pazuri. Walipomaliza, wingu la pili lilikuwa linakuja, na bibi akaniambia nitembee. Nitembee kwenye maji, niende na kurudi, nikipunga mikono, nisikunje viwiko. Nilipojikuna niliambiwa naharibu. Nilipotaka kupiga chafya nilielekezwa nigeukie upande gani.

Na kibuyu ni kilekile! Kifaa kimoja, mwili mzima, kutoka mtu huyu kwenda yule, hakuna aliyekisuuza. Mimi ninayefuta mashine kwa spiriti kila kichwa! Mimi niliyewafukuza watu kwangu kwa kuchangia taulo! Nilitaka kusema. Nilikumbuka nimeahidi kutozungumzia ngozi. Nikaendelea kupunga.

Nilipogeuka kuelekea nchi kavu nikawaona. Mzee Hezroni amesimama mchangani, mikono nyuma, ananitazama bila kupepesa. Pembeni yake baba mdogo na soksi yake moja. Na nyuma yao Merina, amekaa chini kabisa, ameziba uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Moyo ukanipasuka, nikasema basi, yamekwisha, nimempoteza. Kisha akainua uso. Alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka.

Hasira niliyopata pale sijawahi kuipata. Nilimpenda na nilimkasirikia kwa wakati mmoja, na bado nikaambiwa nisishushe mikono.

Wingu lilipopita nilipelekwa kuoga mara ya pili. (Mama mkwe alisema, "Leo mwanangu umeoga mara mbili," akidhani kwangu hiyo ni rekodi.) Nikapewa shati la kazi la Mzee Hezroni, mabega yamenivuka, nikaitwa mezani. Na mezani, katikati, kwenye sahani ya heshima, kuna mikate ya nkungu. Mieusi, ya mviringo, imepikwa na nyanya na chumvi, bado inatoa mvuke.

Niliitazama. Niliijua. Ile ya juu ilitoka kwenye bega langu, ningeweza kuapa mbele ya padri. Na mimi ni mtu mwenye nywele kifuani, tusidanganyane. Baba mdogo hakujiuliza chochote, alichukua wa kwanza, wa pili, akasifu, akauliza kama vijidudu hivyo vinakubali kuishi kwenye mashamba ya kahawa. Watu wote wakanitazama mimi. Mzee Hezroni naye akanitazama. Nikachukua, nikamega, nikala.

Ni vitamu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Ndipo mzee akafuta mdomo akaanza kuzungumza. Akasema aliambiwa kwamba mwanaume anayekuja ni mtu wa mafuta, naye akajiandaa kukataa, hata maneno alikuwa ameshayapanga. Akasema hajawahi kuona mwanaume anayeingia majini na viatu, mbio, kuzima moto ambao haupo. Nilijiona nimeshapakia begi.

"Lakini alikimbia kwenda," akasema, "na alipoambiwa asimame alisimama. Mama, unasemaje?"

Kumbe kauli ya mwisho katika nyumba ile ni ya bibi, mama yake mzee. Alimaliza kutafuna kwanza.

"Tangu nizaliwe sijapata nkungu wengi hivi siku moja," akasema. "Huyu asirudishwe."

Vigelegele. Baba mdogo akasimama kutoa shukrani, akasahau jina langu kwa furaha. Merina akanitazama toka mlangoni, na hapo, nitawaambia ninyi tu, sikuona tena wingu wala ungo wala kibuyu. Nilimwona yeye. Nimepewa mke! Ndilo lililonileta, nimelipata, na nina furaha.

Lakini naomba nilalamike, ni haki yangu. Nimefanya kazi kwa mikono yangu toka nimemaliza shule. Sinywi ovyo, kanisani nipo, mdogo wangu namsomesha. Hakuna aliyeniuliza hata moja. Nimekubaliwa kwa kigezo cha kunata! Sasa hivi wanapanga harusi na bibi ametoa sharti moja tu, kwamba iangukie msimu wa nkungu, na bwana harusi aje mapema, hajapakwa, watampaka wao.

Na bado sijafika mwisho.

Muda mfupi uliopita nimekuja huku nyuma kuwatafutia mtandao, na kuchukua shati langu jeupe pale kwenye uzio wa bafu nilikoliacha, nione kama litaokoka. Nikamkuta Mzee Hezroni. Amekaa kwenye kigoda cha lile bakuli, amevua viatu, peke yake. Visigino vyake, ndugu zangu, vina magaga ambayo unaweza kuingiza ukucha. Ukiviona unaelewa kwa nini mtu huyu hatembei haraka. Alikuwa ameshika shati langu la shughuli, limelowa mafuta yangu ya nta na parachichi, anajisugulia kisigino. Anasugua, anasikilizia, anasugua tena. Alikuwa amefumba macho.

Aliponisikia hakushtuka. Hakuacha pia.

"Haya yako," akasema, "ni tofauti na ya mama."

Nikasema ndiyo, baba.

"Yanapenya."

Nikasema yanapenya, baba. Na usiku avae soksi. (Nilishindwa kujizuia. Baba mdogo anayo moja ya ziada.) Akaitikia kwa kichwa polepole, akahamia kisigino cha pili, akageuza shati upande wa kola ambako mafuta yalikuwa mengi zaidi. Akaniuliza kama naweza kumletea kopo moja nikija tena. Nikasema naweza. Akaangalia kama kuna mtu anapita.

"Usimwambie mtu," akasema.

Nimemwapia. Nimeweka mkono kifuani, nikamwapia mkwe wangu kwamba sitamwambia mtu. Kwa hiyo hapo kwenye visigino hamjasoma kitu.

Na kwenye hayo mengine msicheke. Atakayecheka namkumbusha tu kwamba Jumanne nafungua, na wembe utakuwa mkononi mwangu.